Kutoka Mpwapwa hadi Bagamoyo kwa Siku Moja, pamoja na Habari za Halima

Njia ya zamani ya misafara ilianza Ujiji kando ya ziwa la Tanganyika, ikapita Tabora, Kilimatinde, Mpwapwa na Mamboya, ikashuka hata Bagamoyo penye bahari. Katika karne ya 19 watu wengi mno waliikanyaga: wapagazi wa Kinyamwezi waliochukua mizigo kwa ujira, Waarabu na Waswahili wenye biashara ya pembe, wazungu wapelelezi na wamisionari, na pamoja nao watumwa, ambao hakuna aliyewauliza kama wapenda kusafiri ama hawapendi. Mwaka 2006 serikali ya Tanzania iliitia njia hiyo katika orodha ya awali ya mahali panapoombewa heshima ya Urithi wa Dunia. Basi, ndugu wasomaji, ninyi baba na mama wa nyumba za Kikristo, nanyi waalimu wenzetu, twataka kuwaelezeni habari za siku moja tuliyosafiri katika sehemu ya mwisho ya njia hiyo, sisi wawili, mume na mke.

Sababu ya safari ilikuwa swali la mtoto. Katika darasa la mafundisho tulikuwa tukisimulia jinsi watumishi wa Daktari Livingstone walivyouchukua mwili wake mpaka pwani, nasi tukataja majina ya Susi na Chuma kama ilivyo desturi ya waalimu wote. Ndipo msichana mmoja akauliza, “Na chakula chao alipika nani?” Swali hili laonekana dogo, lakini mama wa nyumba yetu alipolisikia jioni hakuliacha. Tukatafuta vitabu, tukanakili habari katika daftari, na likizo ya shule ilipofika tukaazimu kwenda kuiona njia yenyewe na mwisho wake.

Tuliondoka Mpwapwa saa kumi na moja alfajiri, nyota zingali mbinguni. Mzigo wetu ulikuwa mfuko mmoja wa nguo, kikapu cha viazi vilivyochemshwa, na chupa mbili za maji. Mama akakipakata kikapu, akasema, “Mwalimu, hizi ndizo frasila zetu mbili.” Tukacheka sote wawili, kwa maana frasila moja ni kama kilo 16, na mpagazi wa zamani alichukua zipatazo mbili kichwani ama begani, tena juu yake mkeka wake, chungu chake na silaha yake.

Waalimu wataka kujua misafara ilikwendaje, basi na tuseme kidogo. Kulipopambazuka ngoma ililia, kila mtu akautwaa mzigo wake. Kirangozi alitangulia na bendera, wengine wakamfuata mmoja nyuma ya mmoja, kwa kuwa njia ilikuwa nyembamba kama ya mbuzi. Walikwenda asubuhi, na jua lilipokuwa kali wakapiga kambi penye maji, wakakata miiba wakazungusha boma. Hapo wanaume walikaa kupumzika. Wanawake, maana Wanyamwezi wengi walisafiri na wake zao, walianza kazi ya pili: kuteka maji, kutafuta kuni, kutwanga na kupika. Nao walikuwa wamekwenda mwendo ule ule, wenye vyungu na chakula kichwani, na mtoto mgongoni. Kutoka Mpwapwa hata pwani msafara ulichukua wiki mbili ama tatu, na katika masika zaidi. Sisi tulitazamia kufika kabla ya jua kushuka.

Tukapita Kongwa, tukaingia barabara kuu pale Mbande. Kibaigwa magunia ya mahindi yalikuwa yamepangwa kama kuta, na wachukuzi wakiyapandisha katika malori. Tukawaza kwamba kazi ya mpagazi haijaisha duniani, ila safari yake imekuwa fupi. Gairo basi likasimama, na vijana wakaja madirishani na mahindi ya kuchoma na maji. Hapo alipanda bibi mmoja mzee, ana kuku katika kikapu na furushi la nguo. Mama akampisha akae karibu na dirisha.

“Shikamoo, bibi.”

“Marahaba, wanangu. Mwaenda mbali?”

“Twaenda Bagamoyo, bibi. Na wewe?”

“Naenda Morogoro kwa binti yangu. Naenda kukaa.”

Neno hili la “kukaa” alilisema kwa sauti ya chini. Milima ya Ukaguru ilikuwa kushoto na kuume, na barabara ikishuka kwa kujikunja, naye akatusimulia habari zake pole pole pasipo kulia. Mumewe alikuwa mtu mwema. Walilima pamoja shamba moja muda wa miaka zaidi ya 30. Kila mavuno mumewe alimwambia, “Mama, shamba hili ni lako, mimi nikitangulia, hakuna atakayekuondoa.” Lakini alimwambia jikoni, wao wawili tu. Alipokufa, ndugu zake wakaja wakasema hawajui neno hilo, na shamba ni la ukoo. Bibi hakuwalaani. Alisema tu, “Marehemu hakusema uongo. Alisema kweli, lakini hakuna aliyesikia ila mimi na moto.”

Hatukuwa na la kumjibu mara moja. Mama akamshika mkono, akampa viazi viwili, wakala pamoja.

Baada ya Dumila nchi ni tambarare, na hii ndiyo mbuga ya Mkata iliyoogopwa sana na misafara. Mwaka 1871 Bwana Stanley, akienda kumtafuta Livingstone, aliivuka katika masika, na msafara wake ukataabika mno katika maji na matope. Wala tusidhani hatari hiyo ni ya zamani tu: Januari 2014 mafuriko yalilikata daraja la Dumila, hata magari mengi yakakwama. Siku yetu ilikuwa kavu, na mbuga ile tuliivuka kabla bibi hajamaliza kumfunga kuku wake upya. Morogoro akashuka. Binti yake alikuwapo akimngoja, akampokea furushi. Tukawatazama mpaka wakapotea katika watu.

Kutoka Morogoro kwenda Chalinze tulilifungua daftari letu, tukamsomea Mama habari za Halima tangu mwanzo, nasi twawapeni ninyi pia.

Halima alikuwa mpishi wa Livingstone, na mume wake aliitwa Amoda, mmoja wa watumishi wa kwanza pamoja na Susi na Chuma. Katika shajara zake Livingstone alimsifu mwanamke huyu kuliko alivyowasifu wanaume wengi. Alisema kwamba ni mwangalifu na mwenye akili, kwamba haibi, tena hamruhusu mumewe kuiba. Akaandika ahadi: wakifika Unguja atamwachilia huru, na kumnunulia nyumba na bustani. Alikuwapo na mwanamke mwingine, Ntaoeka. Livingstone hakupenda akae katika msafara bila mume, akamtajia wanaume wa kuchagua, naye akamchagua Chuma. Basi msafara ule uliosifiwa duniani kote ulikuwa pia msafara wa wanandoa.

Livingstone alifariki mwanzo wa Mei 1873 katika kijiji cha Chitambo, katika nchi iitwayo sasa Zambia. Watu wake waliutoa moyo wake wakauzika chini ya mti, na Jakobo Wainwright, kijana aliyesomeshwa katika shule ya misheni kule Nasik, Bara Hindi, akasoma ibada ya maziko. Mwili waliutia chumvi, wakaukausha juani siku 14, wakaufunga kwa nguo na gome la mti na turubali. Kisha wakaanza safari ya zaidi ya kilomita 1,600. Karibu na Tabora walikutana na mzungu Cameron, aliyewashauri wamzike pale pale, wakakataa. Baadaye, kwa kuwa wenyeji wa njiani waliogopa maiti, walifanya kifurushi cha uongo wakakirudisha nyuma kana kwamba waenda kuzika, na mwili wenyewe wakaufunga kama robota la nguo, wakaendelea. Njiani msichana mdogo wa msafara, jina lake Losi, aliumwa na nyoka akafa. Jina lake si katika masomo ya shule, lakini alikufa katika utumishi ule ule.

Mwaka 1874 Bwana Horace Waller alizipiga chapa shajara za Livingstone, naye akaongeza neno kwamba Halima aliufuata mwili wa bwana wake mpaka Unguja, na kwamba ni jambo zito kuona utumishi wake wa siku nyingi umebaki bila malipo kwa sababu ya kifo kile.

Tuliposoma hapo Mama akanyamaza. Magari ya mizigo yalitupita, na mashamba ya mkonge yakaonekana na kupotea. Tulipokaribia Chalinze akasema, “Ahadi ile aliisema mbele ya nani?”

Tukamjibu, “Aliiandika katika shajara yake mwenyewe.”

“Na shajara ilisomwa lini?”

“Baada ya yeye kufa, ilipofika Ulaya.”

“Basi,” akasema, “ni kama yule bibi. Neno lilikuwa la kweli, ila hakuachiwa mtu kazi ya kulitimiza.”

Sisi tumefundisha habari hii miaka mingi, lakini somo hili lilitoka kinywani mwake.

Chalinze tulibadili basi, tukaenda kaskazini mpaka Msata, na hapo tukapata gari dogo liendalo Bagamoyo, mwendo wa kilomita 64. Kiwangwa mananasi yalikuwa yamepangwa kando ya barabara, mengi na ya bei nafuu. Tukanunua mawili, frasila zetu zikaongezeka. Mbele yake kuna daraja la Ruvu. Katika vitabu vya zamani mto huu chini karibu na bahari waitwa Kingani, na misafara iliuvuka kwa mitumbwi, kwa hofu ya mamba na viboko. Hapo msafara utokao bara ulijua ya kuwa taabu yake imekwisha, na utokao pwani ulijua kwamba taabu yake yaanza. Sisi tulipita juu ya maji kwa muda wa kuhesabu hata ishirini. Baada ya hapo hewa ikabadilika, ikawa ya joto na chumvi, na minazi ikaonekana.

Tuliingia Bagamoyo saa kumi alasiri. Mji huu ulikuwa mkubwa sana zamani. Wajerumani waliufanya makao yao makuu hata mwaka 1891, walipohamia Dar es Salaam. Kisha reli ya kati ikaanza kujengwa kutoka Dar es Salaam mwaka 1905, ikafika Kigoma mwaka 1914, na njia ya miguu ikafa. Tuliiona nyumba ya misafara yenye ua mpana, tukaona na nyumba za mawe zenye milango ya nakshi, nyingine zimetengenezwa upya na nyingine zimeanguka.

Jina la mji laelezwa kwa namna mbili. Wengine husema ni “bwaga moyo”, yaani mpagazi aliyefika alitua mzigo na moyo wake ukastarehe. Wengine husema ni neno la mtumwa, aliyeuacha moyo wake pale kwa kuwa mbele yake kulikuwa na bahari, wala hakutumaini kuona kwao tena. Sisi tuliona maana zote mbili zaweza kusimuliwa kwa watoto, maana katika msafara mmoja walikuwamo watu wa namna zote mbili. Biashara ya kuwavusha watumwa baharini ilikatazwa kwa mkataba alioutia sahihi Sultani Barghash mwezi wa Juni 1873, wakati watu wa Livingstone wako njiani. Utumwa wenyewe ulikomeshwa kwa sheria katika Tanganyika mwaka 1922.

Kisha tukaenda kwenye misheni ya Kikatoliki, iliyoanzishwa mwaka 1868 na mapadre wa Roho Mtakatifu. Kuna mbuyu walioupanda siku zile, na katika shina lake waonekana mnyororo uliomezwa na mti. Wageni wengi hudhani ni mnyororo wa watumwa. Sivyo, ulikuwa wa kufungia punda. Na hili lafaa waalimu walikumbuke: ukweli wa utumwa ni mzito wa kutosha, hauhitaji kuongezewa.

Jambo lililomshika Mama zaidi ni habari za kijiji cha waliokombolewa. Mapadre waliwakomboa watumwa, hasa watoto, wakawafundisha. Nao walipokua na kuoana, kila mume na mke walipewa nyumba na kipande cha shamba. Masharti yalikuwako, maana siku kadhaa za juma walifanya kazi ya misheni. Lakini Mama alisema, “Tazama, Mwalimu. Nyumba na bustani. Ndivyo alivyoahidiwa Halima.”

Mwisho tukafika penye mnara wa kanisa la kwanza, uitwao Mnara wa Livingstone. Hapo ndipo mwili ulipolazwa Februari 1874. Baadaye ulipelekwa Unguja na kupakiwa kwenda Uingereza, ukazikwa London katika Westminster Abbey tarehe 18 Aprili 1874. Jakobo Wainwright aliusindikiza, akawa mmoja wa walioshika jeneza. Susi na Chuma walifika Uingereza baada ya maziko. Chuma alikufa Unguja mwaka 1882. Susi alibatizwa mwaka 1886 akaitwa Daudi, akafa Unguja mwaka 1891. Tukasimama pale, tukaomba tukiwataja kwa majina: Susi na Chuma, Jakobo na Amoda, Halima na Ntaoeka, na mtoto Losi. Bahari ilikuwa imekupwa, na majahazi yamelala ubavu mchangani. Akina mama walikuwa wakinunua samaki kwa wavuvi, wakibishana bei kwa sauti kuu. Tukakata nanasi moja, tukala.

Sasa, ndugu zetu, safari hii ina faida gani kwa nyumba zenu? Twasema mambo mawili.

La kwanza ni kwa waalimu. Mkifundisha habari za njia, wafundisheni watoto majina ya wote waliobeba. Mtazameni Mtakatifu Paulo. Katika Agano Jipya Akila na Prisila, mume na mke waliosafiri kutoka Rumi hadi Korintho na Efeso, hawatajwi hata mara moja mmoja pasipo mwenzake. Waandishi watakatifu hawakuona taabu kuyaandika majina mawili. Kwa nini sisi tuone taabu?

La pili ni kwa waume. Wengi wetu twawapenda wake zetu, na jikoni twawaambia maneno mazuri juu ya nyumba na shamba. Livingstone naye alisema neno zuri, na mume wa yule bibi wa Gairo pia. Lakini kifo hakimngoji mtu akumbuke. Ahadi isiyo na shahidi ni kama mzigo ulioachwa njiani usiku. Asubuhi atautwaa yeyote apitaye. Sheria ya Ardhi na Sheria ya Ardhi ya Vijiji, zote za mwaka 1999, zasema kwamba mwanamke ana haki ya kupata na kumiliki ardhi sawasawa na mwanamume. Katika kijiji hati ya hakimiliki ya kimila yaweza kuandikwa kwa majina mawili, ya mume na ya mke. Basi enendeni kwenye halmashauri ya kijiji mkaulize. Andikeni na wosia, mkautie sahihi mbele ya mashahidi, na mtu mwaminifu aachiwe kazi ya kuutimiza. Na mzee wa kanisa anapowatembelea wanandoa, asiulize tu kama wasali pamoja, bali na kama jina la mama limeandikwa.

Msiseme ya kuwa kuandika ni kutabiri kifo, au ni kukosa imani kwa ndugu. Mtu aendaye safari ndefu huhesabu mizigo yake na kumwambia mwenzake kila kimoja kilipo; wala hakuna amwambiaye kwamba aogopa njia. Na ndoa ya Kikristo ni safari ya watu wawili. Atakayetangulia kufika kwa Mungu amwache mwenzake penye nyumba na bustani, asimwache katika basi na furushi.

Twamwomba Mungu azilinde nyumba zenu, na kuwapa nguvu wote wanaobeba mizigo wasiyoandikiwa. Amani ya Kristo iwe nanyi nyote.

Sisi wenzenu katika kazi ya Bwana.